Kabla Hujampeleka Binti Bwenini, Tazama Saa

SWALI (limefupishwa kutoka barua ya kurasa nne): Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Migosi, Kisumu, na nauza nafaka soko la Kibuye. Baba yao ni dereva wa lori la masafa marefu, kwa mwezi huwa nyumbani siku nne au tano. Kifungua mimba ni mvulana wa miaka 13, yuko Gredi ya 8. Huyo hana shida, hata simsikii. Kitinda mimba ana miaka 4, yuko PP1, darasa la awali, na kila nikimfikisha langoni pa shule ananing'ang'ania sketi kama mtu anayezama. Lakini wa katikati, binti wa miaka 9, ndiye anayenimaliza. Soksi zikikaa vibaya, vita. Uji ukiwa moto, vita. Nikisema neno moja anarudisha matatu. Baba yake akija anakuwa malaika, na mimi naonekana ndiye mbaya. Mama mkwe anasema nimemdekeza. Shemeji anasema nimpeleke bweni Januari, huko watamnyoosha. Hawa watoto wametoka tumbo moja, wamekula ugali mmoja. Nimekosea wapi? Na je, nimpeleke? Nisamehe kwa kusema hivi, lakini kuna siku namwogopa mtoto wangu mwenyewe.

JIBU: Mama, nianze na la bweni kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Usimpeleke, si Januari hii. Sababu nitakupa, na utaona kwamba nyingine hazimhusu hata yeye.

Sasa hilo la "nimekosea wapi". Nilifundisha shule ya msingi miaka 17 kabla sijaingia kazi hii ya ushauri, na sijawahi kumwona mzazi akija kuuliza alipatia wapi kwa mtoto mpole. Mpole tunasema ni malezi yetu. Mkali tunauliza amemfuata nani, na kawaida ni shangazi fulani wa upande wa pili. Mtoto huja na sehemu kubwa ya hulka yake tangu tumboni, na mama aliyebeba mimba zaidi ya moja analijua hili bila kusoma: mmoja alicheza usiku kucha, mwingine ukawa unajigusa tumbo uhakikishe yupo.

Waliolipima wapo. Mwaka 1956 madaktari wawili wa akili huko New York, mke na mume, Stella Chess na Alexander Thomas, walianza kufuatilia watoto wachanga, na mwishowe wakawa na watoto 133 waliowafuata mpaka ukubwani. Hawakuuliza kama mtoto ni mwema au mbaya. Walitazama mambo 9, kwa mfano anasogea kiasi gani, analala na kula kwa saa zinazojulikana au la, kitu kigeni anakikaribia au anarudi nyuma, mabadiliko yanamchukua muda gani kuyazoea, akifurahi au akikasirika anafanya hivyo kwa nguvu gani, na ngozi, masikio na ulimi wake vinahisi vitu vidogo kiasi gani. Kama asilimia 40 walikuwa wepesi kulea. Asilimia 10 walikuwa wagumu. Asilimia 15 walikuwa wa kuzoea polepole, na waliobaki hawakuingia kundi lolote.

Kitinda mimba wako namwona katika hao 15. Binti yako utasema mara moja ni wa hao 10, lakini subiri. Neno "mgumu" silipendi, na nitakueleza kwa nini kwa mfano wa hapa kwetu.

Miaka ya 1970 watafiti wengine wawili Wamarekani, Sara Harkness na Charles Super, waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis upande wa Kericho. Kwao Marekani, mtoto wa miezi sita anayeamka usiku mara tatu ni janga, kwa sababu analala chumba chake na mzazi lazima aamke, atembee, ambembeleze, arudi kitandani, na asubuhi aende kazini. Kokwet mtoto yuleyule alilala ubavuni mwa mama. Aliamka, akanyonya, akalala, na mama hata hakukumbuka ni mara ngapi. Mtoto ni mmoja, kuamka ni kulekule. Nyumba moja ina tatizo na nyingine haina.

Ndiyo maana mzazi akinijia na mtoto "mgumu" mimi humuuliza: mgumu saa ngapi? Barua yako ndefu niliisoma na kalamu mkononi. Soksi ni asubuhi. Uji ni asubuhi. Kitana ni asubuhi. Begi lililosahaulika mpaka mkarudi kutoka stejini ni asubuhi. Katika ugomvi 6 ulionisimulia, 5 ulitokea kati ya saa 11 na nusu na saa 1 kasoro, na wa 6 ni wa jioni stima ilipokatika. Hakuna hata mmoja wa mchana. Hakuna wa Jumamosi, siku ambayo umeandika mwenyewe kwamba anakusaidia Kibuye na "anaita wateja kuliko mimi". Kwa hiyo huna mtoto mgumu. Una asubuhi ngumu, na mtoto ambaye hulka yake inaufichua ugumu huo kabla ya wengine.

Kabla ya kubadilisha chochote, chukua kalenda ya ukutani na penseli. Kila wakigombana au mkigombana, weka alama na uandike saa, basi. Fanya hivyo wiki mbili. Usiandike nani alianza, maana utaanza kuandika hukumu.

Tuingie kwenye hiyo asubuhi, ambapo nadhani kuna mengi.

Soksi kwanza, kwa sababu nyumba nyingi hucheka. Wapo watoto ambao mshono wa soksi kwenye vidole huwauma kweli, kama vile wewe ungetembea na punje ya mahindi ndani ya kiatu. Hakuigizii. Mgeuzie soksi, mshono ukae nje. Anaonekana kituko? Viatu vimefunika. Soksi mpya zifue mara mbili kabla hajazivaa, na akiwa na jozi tatu asizozilalamikia, hizo ndizo zake, nyingine mpe mdogo wake zikimtosha. Suala hilo limekwisha kwa shilingi sifuri. Uji pia: mimina wake kwanza, kabla ya kumwamsha, upoe. Kitana, nyoa au suka Jumapili mtindo wa kukaa wiki mbili.

La pili ni kuamshwa. Umeandika kwamba unawaamsha wote kwa pamoja, unawasha taa na kuita. Kwa kifungua mimba hiyo inatosha. Kwa huyu wa katikati, ambaye mabadiliko humpata kama maji baridi mgongoni, ni kuanza siku akiwa tayari kwenye vita. Mwamshe dakika 15 kabla ya wenzake, ukimgusa mguu, bila taa, na uondoke. Usimwambie kitu. Akikaa kitandani akitazama ukuta, mwache atazame ukuta. Najua utasema dakika 15 unazitoa wapi. Unazitoa kwenye zile 25 mnazopoteza mkibishana.

La tatu, na hapa akina mama wengi hunikatalia: mpunguzie amri, mwongezee kazi. Tangu aamke mpaka mtoke umesema naye mara ngapi? Vaa, kunywa, haraka, acha, leta, tutachelewa. Mtoto mwenye nguvu akisukumwa husukuma. Mpe jukumu lenye uzito ambalo ni lake peke yake: funguo za lango, au pesa za mkate na kurudisha chenji, au kuhesabu kwamba begi ni tatu na chupa za maji ni tatu kabla mlango haujafungwa. Yule anayeita wateja Kibuye ataifanya kazi hiyo kwa sauti ya mkuu wa kituo, na huenda kaka yake akaudhika kidogo. Vumilia. Pale ambapo lazima achague, mpe viwili tu, jana yake usiku: sweta au koti? Asubuhi hakuna mjadala, jibu alishalitoa mwenyewe.

Akikujibu maneno matatu kwa moja lako, usimtafutie la nne. Sema lako mara moja, ukiwa karibu naye na si kutoka jikoni, kisha endelea na kazi. Kimya cha mama aliyetulia kinamchosha mtoto kama huyu haraka kuliko kelele. Jioni, baada ya kula, ndipo urudi: "Asubuhi uliniambia hivi, na iliniuma." Atasikia. Saa 12 asubuhi hakuna anayesikia, hata wewe.

Umegusia kofi, kwa sentensi moja, na nakushukuru kwa ukweli. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya ukatili wa aina yoyote, lakini najua hukuniandikia nikusomee sheria. Nakuambia kama fundi: kwa mtoto mwenye hulka ya moto kofi ni mafuta ya taa. Yule mpole ataogopa na kunyamaza, na wewe utadhani limefanya kazi. Huyu atakumbuka tu kwamba wewe ni mkubwa kuliko yeye, na ataanza kuhesabu miaka.

Kitinda mimba nitampitia upesi. Mtoto wa kuzoea polepole hahitaji kuwa jasiri, anahitaji kuwahi. Mfikishe shuleni kabla ya kundi, lango likiwa tulivu, aingie darasani akiwa wa kwanza au wa pili, wenzake wamkute yeye. Muage kwa maneno yaleyale kila siku na umwambie utarudi baada ya tukio gani, maana "saa 9" haimaanishi kitu kwake ila "mkishakula mkacheza" anaielewa. Usimtoroke akiwa ameangalia pembeni. Ukimtoroka leo, kesho atashika sketi kwa mikono miwili. Kama mpaka muhula wa tatu bado analia asubuhi nzima na si dakika kumi, au ameacha kuongea hata na watoto anaowajua, mpeleke kliniki wamtazame masikio na lugha, kwa sababu hapo si hulka tena.

Nirudi kwa neno moja la mama mkwe, maana naye hakukosea kila kitu. Umesema analalamika kwamba "huyu anafanyiwa hivi, huyu vile". Ukianza haya niliyokwambia atalalamika zaidi, na watoto pia: mbona yeye anaamshwa pole pole? Mama, wewe unauza kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka. Sokoni gorogoro ni moja kwa kila mteja, na ukilipunguzia mmoja utapoteza jina. Tabia hiyo ya haki ya sokoni tunaibeba mpaka nyumbani, tunadhani kumpenda mtoto ni kumpimia sawa na mwenzake. Nyumbani hakuna gorogoro. Watoto hulikubali jambo hili wakielezwa wazi: "Huyu soksi zinamuuma, wewe hazikuumi. Wewe unaogopa giza, ndiyo maana taa ya korido inabaki." Wanachochukia ni kulinganishwa. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia binti yangu wa pili, "Mbona dada yako hakuniletea daftari chafu hivi?" Alikuwa Darasa la 3. Hakuacha kuchafua daftari, aliacha kuniletea. Niligundua mwisho wa muhula.

Sasa yule uliyemwandikia mstari mmoja.

"Huyo hana shida, hata simsikii." Nimeupitia ule waraka tena kumtafuta kijana wako na nimemkuta pembeni pembeni kila mahali: ndiye aliyemwogesha mdogo, ndiye aliyesonga ugali siku uliyochelewa na magunia kutoka Busia, ndiye aliyemshika dada yake mkono siku ya kurudi nyumbani kuchukua begi. Ni yeye anayekuwezesha kuwa na wawili wale.

Usinielewe vibaya, kazi za nyumbani zinamjenga. Kuna utafiti wa Carol Ember uliotolewa mwaka 1973, alioufanya Oyugis, hapo tu mbele ya Sondu ukielekea Kisii. Aliwatazama wavulana Waluo ambao nyumbani hakukuwa na dada mkubwa, kwa hiyo walifanya kazi ambazo kijijini zilihesabiwa za wasichana. Wavulana hao, hasa waliofanya kazi za ndani ya nyumba, hawakuwa wagomvi kama wenzao na walikuwa wepesi kusaidia. Na kulea wadogo ni desturi ya watu wetu. Thomas Weisner aliyefanya utafiti miongoni mwa Waluhya wa Kisa, Kakamega, aliandika sana kuhusu watoto wanaolea watoto, na alichokiona si unyonge. Kwa hiyo mkwe akikuambia mvulana hasongi ugali, mjibu kwa heshima na umpe kijana mwiko.

Lakini desturi ile ilikuwa na boma zima. Mtoto alilea akiwa na nyanya hatua kumi kutoka pale, na binamu wa umri wake, na mchana wa kucheza. Kijana wako analea Migosi, mlango umefungwa, mama yuko Kibuye na baba yuko njiani kwenda Malaba, na mwakani yuko Gredi ya 9 na mtihani wa kitaifa wa KJSEA, na lazima achague mkondo wa masomo. Mtoto mkimya hasemi amechoka. Hata wewe "humsikii", na labda ameshaelewa kwamba hiyo ndiyo sifa yake katika nyumba hii.

Usimkalishe mezani umuulize ana shida gani. Atasema hakuna. Wavulana wa umri huo, hasa wakimya, huongea mkiwa bega kwa bega, macho yakiwa kwenye kitu kingine. Mchukue peke yake mkachague maharagwe, au mtembee naye mpaka ufuoni Dunga jioni moja. Uliza jambo dogo kisha unyamaze, unyamaze kweli, mpaka uone aibu. Yeye huchukua muda kutafuta neno, na katika nyumba yenye binti yako neno lake huchukuliwa na mwingine kabla halijatoka. Halafu mwondolee kitu kimoja. Kimoja tu, chenye siku: Jumatano hamuogeshi mdogo, anaenda kucheza mpira.

Baba yao. Binti anakuwa malaika akija kwa sababu baba haji na asubuhi. Anakuja na mkate wa Nairobi na hadithi za barabarani, siku nne, kisha anaondoka kabla hajaona soksi. Usimgombeze kwa hilo, mkabidhi zamu. Akiwa nyumbani, asubuhi ni zake, zote, na wewe uende Kibuye mapema. Hutahitaji kumweleza kitu tena.

Sasa utaona kwa nini nimekataa bweni. Bweni ni asubuhi nyingine: kengele saa 10 na nusu au 11, taa inawashwa ghafla, watoto 40 kwenye bafu moja, amri bila jukumu. Ndiyo saa yake mbaya, imezidishwa, na asiyekuwepo ni mtu anayejua kwamba soksi zinamuuma. Kunyooshwa huko kupo, nimewafundisha walionyooshwa. Walirudi likizo wakiwa wakimya, wazazi wakafurahi, na ikawachukua miaka kujua kwamba mtoto alikuwa ameacha kuwaambia mambo. Tena akiondoka yeye peke yake na wenzake wakabaki, hataliona kama elimu. Ataona ametolewa. Siku kifungua mimba atakapoenda bweni Gredi ya 10, pamoja na rika lake, hilo ni jambo jingine kabisa, hakuna atakayesema amefukuzwa.

Umeniomba msamaha kwa kusema unamwogopa. Sikuoni na kosa. Mama anaweza kumpenda mtoto na asifurahie kukaa naye, hasa mtoto anayefanana naye. Ndiyo, anafanana na wewe. Barua yako ina kurasa nne, umeniandikia usiku, umenipinga mara mbili kabla sijajibu, na umemaliza kwa kuniambia kwamba kama nitakuambia uvumilivu tu, nisijisumbue kujibu. Nilicheka peke yangu. Mtu wa namna hiyo ndiye anayeweza kupandisha bei ya gunia la njugu saa 3 asubuhi na mteja akashukuru. Tafuta dakika 20 kwa wiki za kuwa naye mahali ambapo moto wake unafaa. Jumamosi pale Kibuye mpe mezani pembe yake, gorogoro lake, na mauzo yake ahesabu mwenyewe.

Alama za kalenda zihesabu tena mwisho wa likizo ya Agosti, muhula wa tatu ukianza. Zikiwa zimebaki zilezile, au zimehamia mchana na Jumamosi, mlete tuonane, na shuleni umuulize mwalimu wa darasa kama naye anamwona hivyo. Ukija, njoo na kifungua mimba pia. Nitaomba nizungumze naye kwanza.